Dakika Tatu za Bure

"Mama, hii haifunguki."

Karani wa baraza la ardhi aliisukuma ile kadi ndogo ya kumbukumbu kupitia tundu la dirisha kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeondoa sisimizi mezani. Mwanamke aliyesimama nje aliipokea kwa mikono miwili. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mlangoni, na mtu mmoja alishaanza kile kikohozi cha kusema wengine nao wana shida zao.

"Haifunguki vipi, mwanangu? Jana tu nimeifungua nyumbani. Inasema vizuri."

"Inasema kwenye simu yako ya vitufe, mama. Kompyuta yetu haiielewi. Imerekodiwa kwa aina ya zamani. Ileteni ikiwa mp3, kwenye flashi. Shauri lenu ni Alhamisi ya wiki ijayo, na siku hiyo hatumsubiri mtu."

"Em pi nani?"

Watu wawili watatu wakacheka kwenye foleni. Karani hakucheka, alichoka tu. "Mwambie binti yako, huyo hapo ameshaelewa. Anayefuata!"

Binti alikuwa ameshaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu. Alimshika mama yake mkono, wakatoka.

Mtaani kwao kila mtu alimwita yule mama Fundi, kwa ajili ya cherehani iliyokuwa barazani kwake miaka kumi na minane. Mumewe alikuwa fundi baiskeli, na watu walizoea kusema nyumba ile usipotoka na nguo basi utatoka na pancha iliyozibwa. Haikupita miezi mitatu tangu wamzike, shemeji yake akaja na barua. Kiwanja ni chake, barua ilisema. Marehemu mdogo wake alikaribishwa tu. Sasa mkaribishwa hayupo, mjane na mwanawe watafute pa kwenda.

Karatasi hawakuwa nazo. Kati ya ndugu na ndugu, marehemu alikuwa akisema, karatasi ni tusi. Lakini siku chache kabla ya kufa aliogopa, akamwambia mkewe ashike ile simu ya vitufe karibu na mdomo wake. Akasema yote. Dakika saba na sekunde kumi na mbili. Hizo ndizo zilizokuwa ndani ya kadi, na kadi hiyo Fundi alikuwa ameifunga kwenye ncha ya kanga yake, fundo juu ya fundo.

Walipita kwa mwenye steshenari, mzee mmoja ambaye watoto wote wa shule walimwita Mzee Kopi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja, mashine ya kopi ikinguruma kama tumbo la mwenye njaa, na wateja wamebanana wakisubiri vyeti na fomu zao.

"Shikamoo, mzee," binti alisema. "Tunataka kubadilisha faili la sauti liwe mp3."

"Marahaba. Kazi ndogo hiyo. Niachieni hapa, mje kesho. Nikishabadilisha nalisikiliza lote, mwanzo mpaka mwisho, ndipo nawapa."

Fundi akashtuka. "Ulisikilize?"

"Sasa nitajuaje kama limetoka sawa, mama? Kwa kulinusa?"

Duka zima likacheka. Fundi naye alijitahidi kutabasamu, lakini mkono wake ulikuwa umeshalishika lile fundo la kanga. Mle ndani ya kadi mumewe alikuwa akihema kama mtu aliyepanda mlima. Mwisho kabisa, alipomaliza habari ya kiwanja, alimwita mkewe kwa jina ambalo katika ndoa yao yote hakuwahi kulitamka mbele ya mtu. Sasa jina hilo likatajwe hapa, watu wakipiga kopi za vyeti vya kuzaliwa?

"Huwezi kubadilisha bila kusikiliza?"

"Naweza. Lakini isipotoka sawa usinijie juu. Na bei ni ile ile."

Binti akamnong'oneza, "Mama, twende. Mtandaoni ipo ya bure. Naifanya mwenyewe kwa simu yangu."

Mzee Kopi alikuwa na masikio. "Ya bure ipo, binti yangu, sikatai. Hata mvua ni ya bure. Muulize mwenye paa bovu."

"Asante, mzee," Fundi alisema, ameinua kidevu. "Tutanunua flashi tu."

Mchana ule ule walikaa chumbani, madirisha wamefunga kwa ajili ya majirani. Binti aliipachika kadi ya baba yake kwenye simu yake, ile yenye kioo kilichopasuka pembeni, akatafuta. Tovuti zilikuja nyingi kama nzi. Akachagua moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa: Badilisha faili lako. Bure. Haraka. Salama.

"Salama," Fundi alisoma kwa sauti. Shule yake iliishia darasa la saba, lakini kusoma alikuwa anajua. "Vizuri."

Ukurasa ule haukutulia. Tangazo la viatu liliruka katikati, binti akalifukuza, likaja la mtu mwenye meno meupe anayefundisha utajiri, huyo naye akamfukuza, viatu vikarudi. Hatimaye mstari mwembamba wa kijani ukaanza kutambaa.

"Sasa sauti ya baba yako iko wapi?"

"Inapanda, mama. Inakwenda kwenye mashine yao."

"Wapi huko?"

"Mbali."

"Na wao wataisikiliza?"

"Nani ana muda huo? Halafu tazama, wameandika hapa: faili lako litafutwa kwetu baada ya saa moja, kwa usalama wako."

"Afadhali. Hao wanajua heshima kuliko yule mzee."

Mstari ulifika mwisho. Alama ya kijani ikatokea, kama ile ambayo mwalimu huweka kwenye daftari la mtoto aliyepata yote. Binti alishusha faili jipya, akalibonyeza, na chumba kikajaa pumzi za mtu ambaye kitanda chake kilikuwa bado pale pale, godoro limekunjwa.

"Mimi nasema haya nikiwa na akili zangu timamu. Mke wangu ndiye ameshika simu. Nataka nianze mbali, ili mtu asije akasema..."

"Zima," Fundi alisema.

"Mama, ngoja tuifikishe mwisho tuone kama..."

"Nimesema zima! Sauti si yake? Ni yake. Au unataka nimzike mara ya pili leo leo?"

Binti akazima. Fundi alijifuta macho kwa ncha ya kanga, na alipomaliza kujifuta akakumbuka jambo.

"Na ile ya zamani iko wapi?"

"Ipo kwenye kadi."

"Ifute."

"Kwa nini, mama? Ikikaa haidhuru kitu."

"Inadhuru. Nisikilize. Mteja akiniletea kitambaa nikamshonea gauni, kitambaa kiko wapi? Kimeshakuwa gauni. Mtu akija akakuta gauni limetundikwa, na kile kitambaa chenyewe kipo kabatini hakijaguswa na mkasi, atasema nini? Atasema kimoja nimekiiba."

"Mama, faili si kitambaa."

"Usinifundishe. Baba yako mkubwa ana wakili. Wakigundua tunazo mbili watasema moja ni ya kughushi, na sisi tutaanza kuapa ipi ni ya kweli. Nataka moja. Moja tu, wasipate pa kushika. Na simu yako si kila siku unalia imejaa, huna pa kuweka picha za nguo? Kadi hii ibaki humo, uziweke."

Binti alikuwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa mtoto wa kutii. Ndivyo alivyolelewa, na Fundi alijisifia hilo kwa watu. Alibonyeza. Simu ikauliza: Una uhakika?

"Hata simu inauliza, mama."

"Simu haijui shida zangu. Bonyeza."

Wiki ile Fundi alishona kama mtu aliyelipwa. Palikuwa na sare za shule na magauni matatu ya wasimamizi wa harusi, rangi ya zambarau, yenye mikono ya kuvimba. Kila gauni lililokamilika binti alilivalisha kwenye mti wa mlangoni, akalipiga picha mbele, nyuma na ubavuni, kuwatumia wateja. Kadi sasa ilikuwa na nafasi.

"Naona uso umechanua," jirani wa ukuta wa pili alimwambia, wakianika nguo. "Shauri limekwisha?"

"Bado. Lakini sina wasiwasi tena, dada. Marehemu mwenyewe atakuja kusema."

Jirani alijishika kifua. "Usinitishe!"

Wakacheka wote wawili. Ni kicheko hicho Fundi alikuja kukikumbuka baadaye, akajiuliza alikitoa wapi.

Chumba cha baraza kilikuwa na viti vya plastiki na feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Shemeji alikaa upande wa kulia ndani ya koti la mazishi, lile lile. Ubavuni mwake alikaa mkewe, amevaa gauni la maua ya njano ambalo Fundi alimshonea kwa mkono wake. Fundi alilitazama gauni, si uso. Aliona pindo limeanza kufumuka upande mmoja, na kwa mazoea tu vidole vyake vikatafuta sindano.

Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na sauti ya upole. "Mdaiwa, umesema una ushahidi wa marehemu. Tuusikie."

Karani akachomeka flashi. Pumzi zikajaa chumba. Shemeji aliposikia sauti ya mdogo wake alivua kofia, na kwa muda mfupi alikuwa ni kaka mtu tu, aliyefiwa.

Marehemu alikuwa mtu wa kuanzia mbali. Mkewe alizoea kumtania kwamba ukimuuliza saa ngapi, atakueleza kwanza saa ilivyotengenezwa. Na hapa naye alianzia mbali. Alisema alivyooa bila kuwa na pa kulala. Alisema walivyopanga chumba kinachovuja, mtoto akapata kifua. Alikohoa, akapumzika, akaendelea. Alisema kaka yake alivyokuja siku moja na kumwambia: acha kodi, njoo ujenge kwangu, kiwanja ni changu lakini wewe ni damu yangu. Alimsifu kaka yake. Alimwombea heri.

"Na kila aliyeniuliza," sauti ilisema polepole, "nilimwambia kweli. Nilimwambia, kiwanja hiki ni cha kaka yangu, mimi nimekaribishwa tu."

Kisha kimya. Feni ikazunguka.

Fundi alikuwa akisubiri kikohozi. Alijua paliposimamishwa pumzi, alijua kinachofuata, neno kwa neno. Kikohozi hakikuja.

"Inaendelea?" mwenyekiti aliuliza.

Karani aliinama kwenye kompyuta. "Imeisha, mheshimiwa. Dakika tatu kamili."

"Haijaisha!" Fundi alikuwa amesimama bila kujua. "Ni dakika saba! Hapo bado hajafika kwenyewe! Baadaye anasema baba yao alipofariki walibadilishana, yeye akamwachia kaka yake fungu lake lote la shamba, kaka yake akamwachia kiwanja. Wamebadilishana, mheshimiwa! Amewataja na mashahidi. Mwashi aliyetujengea, Mungu amrehemu, na huyu hapa! Mke wa shemeji! Alikuwepo, yeye ndiye aliyetutilia chai!"

Macho yote yakageuka. "Mama," mwenyekiti alimuuliza mke wa shemeji, "ulikuwepo?"

Mwanamke yule alishika lile pindo lililofumuka, akalikunja, akalikunjua. Mumewe alikuwa akitazama mbele.

"Sikumbuki," alisema.

"Shamba aliniachia kwa hiari yake," shemeji akaongeza kwa utulivu, "kama shukrani ya kumpa pa kukaa."

Mwenyekiti akavua miwani. "Rekodi ya mwanzo, ile ya simu, iko wapi?"

"Imefutwa," binti alisema.

"Nani aliyeifuta?"

Hapo ndipo Fundi alipofungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi. Alijiona akisema: ni mimi. Akamwona wakili wa shemeji akiandika: mdaiwa aliharibu ushahidi kwa amri yake mwenyewe. Ulimi ukawa mzito kama pasi ya mkaa. Ilikuwa ni pumzi moja tu, au mbili. Lakini mtoto wa kutii hangoji pumzi ya tatu.

"Mimi," binti alisema. "Niliifuta mimi."

"Basi, mheshimiwa," shemeji alisema, akivaa kofia yake, "sina la kuongeza. Mdogo wangu ameshanisemea."

Walikwenda kwa Mzee Kopi moja kwa moja, na safari hii Fundi hakuuliza bei. Mzee alisikiliza kisa chote bila utani. Akafungua ile tovuti kwenye kompyuta yake, kwenye kioo kikubwa, akalifukuza tangazo la viatu, akateremsha ukurasa mpaka chini. Kule chini palikuwa na maandishi ya kijivu, madogo kama chawa.

"Haya hapa. Kwa watumiaji wa bure, faili za sauti zitabadilishwa dakika tatu za mwanzo tu."

"Sikuyaona," binti alisema. "Mzee, wallahi sikuyaona. Viatu vilikuwa hapo juu yake."

"Najua, mwanangu. Viatu vimewekwa hapo ili usiyaone."

"Wao si wanalo?" Fundi aliuliza. "Lile zima, si tuliwapelekea?"

Mzee Kopi alimwonyesha mstari mwingine, wa saa moja, wa usalama wako. Hakuusoma kwa sauti.

Akajaribu kuifufua kadi. Ipo programu ya kazi hiyo, nayo ya bure, alisema, lakini kitu kilichofutwa hufufuka iwapo hakijakaliwa na kingine. "Mkifuta kitu, msiandike juu yake. Mmeandika?"

Binti alimtazama mama yake. Programu ilipekua karibu saa nzima. Kisha kioo kikaanza kujaa picha moja baada ya nyingine: gauni la zambarau mbele, gauni la zambarau nyuma, gauni la zambarau ubavuni. Mikono ya kuvimba. Sare. Mkanda wa sare. Chini kabisa likatokea faili lenye jina la zamani, lile lenye tarehe, na moyo wa Fundi ukapiga kama pedali. Mzee akalibonyeza. Likatoa mlio wa mafuta kwenye kikaango, sekunde chache, likanyamaza.

"Magauni yamekaa juu yake, mama," Mzee Kopi alisema. Kwa mara ya kwanza alizima mashine yake ya kopi, na duka likawa kimya.

Maneno mtaani hayana breki. Kufikia Jumapili ilishajulikana kote kwamba binti wa Fundi, msomi wa simu, ndiye aliyeifuta nyumba yao. Bombani walimpisha akinge maji kwanza, kwa ile heshima ya kumtaka mtu aondoke. "Pole, kompyuta," walisema. Mmoja akaongeza, hakupunguza hata sauti, "Wengine huwafuta baba zao vumbi kwenye picha. Huyu kamfuta mzima mzima."

Binti akaacha kwenda bombani mchana. Alianza kwenda alfajiri, kabla ya watu. Fundi alisikia ndoo ikigonga mlango kila asubuhi, na kila asubuhi alijiambia leo nitasema. Halafu anakuja mteja, au anakuja jirani na pole zake, anasema "watoto wa siku hizi, dada, wanatuua", na Fundi anainamia cherehani, anakanyaga, sauti ya cherehani inakuwa ndiyo jibu.

Ninyi mlio na watoto, pimeni hapo. Nyumba ilikuwa inakwenda, na mama mtu alikuwa analinda aibu yake kwa mgongo wa mwanawe.

Hukumu ilitoka: siku thelathini kuhama.

Siku ya ishirini na moja mke wa shemeji alikuja. Alibeba lile gauni la maua ya njano kwenye mfuko, ili akiulizwa njiani awe na la kusema.

"Linanibana kwapani," alisema.

Fundi alilipokea, akaligeuza ndani nje. Halikuwa na nafasi ya kubana. Alilikata mwenyewe, alijua. Alilikunja, akaliweka juu ya meza ya cherehani kati yao.

"Sema ulichokuja kusema, dada."

Yule mwanamke alitazama mlangoni. "Nilikuwepo. Chai niliitia mimi. Hata sukari iliisha, nikaenda kuazima. Nakumbuka kila kitu."

"Basi twende ukawaambie. Kukata rufaa bado kunawezekana. Tuondoke sasa hivi, nakuomba."

"Nikisema, nirudi kulala wapi?"

"Na mimi nitalala wapi?"

"Wewe umebaki na mtoto." Alisema bila ubaya, kama mtu anayesoma vipimo. "Mimi sina hata huyo. Nikimkana mzee yule, nitabaki na nini? Na ile sauti... Mngeleta ile sauti nzima, nisingeulizwa mimi. Nilikaa pale nikiomba Mungu iendelee. Nakuapia, dada. Niliomba kuliko wewe."

Fundi akamrudishia gauni. "Halibani popote. Shona tu hilo pindo."

Siku ya kuhama walikodi mkokoteni. Kitanda kilitangulia, kikafuata kisanduku cha spana za marehemu, kisha cherehani yenyewe, imefunikwa shuka kama mgonjwa. Wanawake walitoka kusaidia, na kutazama, maana mambo hayo mawili huenda pamoja. Binti alikuwa akifunga kamba, kichwa chini. Jirani wa ukuta wa pili, yule wa kicheko, alimtazama, akatikisa kichwa.

"Kidole kimoja tu," alisema. "Kubonyeza mara moja, na nyumba imekwenda. Mwanangu akinifanyia hivi, mimi namlaani."

"Basi nilaani mimi," Fundi alisema.

Jirani hakuelewa. Fundi alikuwa ameshika mguu wa meza, hakuuachia. Alipaza sauti, kwa sababu kwa sauti ndogo alijua angekoma katikati.

"Nisikilizeni wote. Aliniambia tuisikilize mpaka mwisho, nikamwambia zima. Aliniambia tusiifute, nikamwambia bonyeza. Simu yenyewe iliuliza, nikaitukana simu. Mtoto alinikataza mara tatu. Hakufuta yeye. Nilifuta mimi kwa kidole chake."

Mwenye mkokoteni alijikuna shingo, akauliza kama mizigo imetosha. Binti aliendelea kufunga kamba, lakini fundo alilokuwa akilifunga lilimshinda, akalifungua, akaanza tena.

Chumba kipya kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa mtu. Baraza la kuweka cherehani hakikuwa nalo. Fundi alishonea ndani, taa ikiwaka mchana, na wateja wa zamani wengi hawakufika, palikuwa mbali. Kodi ililipwa, au ilichelewa. Rufaa haikukatwa. Rufaa inataka ushahidi mpya, na ushahidi uliokuwepo ulikuwa umevaa gauni la maua ya njano, unampikia mume wake.

Asubuhi moja ya Jumapili Fundi alimwambia binti, "Zile dakika tatu zipo?"

"Zipo, mama. Kwenye flashi, kwenye simu, na Mzee Kopi ameniwekea nyingine kwake. Amekataa kulipwa."

"Usifute hata moja."

"Sifuti."

"Washa. Mpaka mwisho."

Binti akamtazama, akawasha. Walikaa kitandani bega kwa bega, simu mapajani mwa mama. Akaanzia mbali, kama kawaida yake. Chumba kinachovuja, kifua cha mtoto, kaka aliye damu yake. Fundi hakusema zima. Alisikiliza kikohozi, alisikiliza pumziko, alisikiliza mpaka pale, kiwanja hiki ni cha kaka yangu, mimi nimekaribishwa tu, na kimya kilipoingia alikiacha kikae.

"Zile dakika nne zilizobaki ninazo," alisema. "Zote. Nilikuwa nimeshika simu, nilikuwa karibu kuliko simu."

"Baraza halitazipokea, mama. Itakuwa ni sauti yako."

"Najua. Si za baraza. Mimi nami nitakufa, na wewe utabaki na baba aliyesema hakuwa na kwake." Alijiweka sawa, akaondoa uzi uliokuwa umenasa begani. "Kadi ina nafasi?"

"Ina nafasi. Picha zote za nguo nimezitoa."

"Jina lile la mwisho, aliloniita, nalo nitalitaja. Usicheke."

"Sicheki, mama."

"Bonyeza."

Binti akabonyeza. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Fundi alikohoa kidogo, mahali pale pale ambapo mumewe alikohoa, akavuta pumzi.

"Lakini," alisema.